Barua Iliyozunguka Sainte-Odile

Niliitwa Sainte-Odile Alhamisi asubuhi, na kabla pikipiki haijafika kona ya soko la Kikula nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kosa ni la Eddy. Mashine yenyewe nilikuwa sijaiona. Lakini Eddy namjua: kijana wa Lubumbashi, viatu vyeupe, manukato yanayomtangulia mlangoni, na kazi anayoiacha nusu halafu anaipiga picha. Mwezi uliopita ndiye aliyekiwekea kituo kile cha afya seva ya barua pepe. Sasa barua haziingii, na Sœur Gertrude alikuwa amenipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusali na kuona bado.

Naitwa Stéphanie. Nina kibanda changu cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na wateja wangu nawaambia tangu mwanzo kwamba mashine hainishindi. Wengine huona ni majivuno. Waone. Mashine ikiumwa husema inaumwa wapi, neno kwa neno, mradi uwe na subira ya kusoma, na mimi subira hiyo ninayo. Kwa watu ndiyo sina.

Sœur Gertrude alinipokea getini. Yeye ndiye msimamizi wa kituo: dawa, mishahara, mafuta ya jenereta, yote yanapita mikononi mwake. Siku hiyo hakuniuliza habari za nyumbani, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Stéphanie, karibu. Ile mashini inatutesa. Bantu ba Lubumbashi banatuma mail, inabarudilia. Banatuma tena, inabarudilia. Na leo njo siku ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini, Ma Sœur?"

Alinishika mkono, akanigeuza nitazame benchi la kwenye korido. Pale alikaa mwanamume mwenye mikono mipana, kucha zimeshika ule udongo wa Kambove usiotoka hata kwa sabuni. Pembeni yake mtoto wa kike, meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Aliona begi langu la vifaa, akataka kuja kulichungulia, lakini alipopiga hatua chache tu akachuchumaa katikati ya korido, mikono imekumbatia magoti, akawa anavuta pumzi. Baba yake hakushtuka. Alisimama, akamngojea mpaka amalize, akamrudisha kwenye benchi.

"Ule njo Orpa," Sœur akasema polepole. "Moyo yake iko na shida tangu kuzaliwa. Baba yake njo Samy, creuseur, anachimbaka madini ku Kambove. Sasa kuko ba docteurs ba moyo bamefika Lubumbashi, banapasua batoto, kiisha banaenda kwabo. Bamemukubali Orpa. Mais banataka centre ijibu mail yabo. Kama hatujibu mbele bafunge bureau leo, nafasi yake inaenda kwa mutoto mwingine."

Nikauliza kile ambacho mtu yeyote angeuliza: kwa nini wasipigiwe simu, yakaisha? Sœur akaeleza kwamba wajanja fulani walikuwa wamejifanya madaktari wa vituo, wakajibu kwa anwani za kubuni, wazazi wakatapeliwa. Tangu hapo shirika la madaktari wale linakubali jambo moja tu: jibu la barua yao wenyewe, litoke kwenye anwani halali ya kituo. Sikuwalaumu. Hata mimi ningefanya hivyo.

"Ma Sœur, mutulie," nikamwambia. "Hii nitaimaliza mbele ya chakula ya midi."

Seva ilikuwa kwenye stoo ya dawa, chini ya rafu ya glovu. Kompyuta ya kawaida tu, inatumia Linux, imeungwa kwenye betri za sola za masista ili umeme ukikatika isizimike. Juu yake mtu alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma, kizuri kabisa, maua ya waridi kwenye pembe, kimeziba matundu yote ya hewa. Nilikiondoa, nikakikunja, nikakiweka kando kwa heshima zote. Kisha nikavuta kiti.

Kosa la kwanza halikunichukua muda. Mashine ile ilikuwa na programu mbili za barua. Ya Eddy ilikuwa Postfix, ambayo ni programu nzuri na mimi mwenyewe naitumia. Lakini ndani mlikuwa na nyingine ya zamani, Exim, ambayo Eddy hakuiondoa. Zote mbili zilitaka kukaa kwenye mlango mmoja wa kupokelea barua, na kila mashine ilipowashwa ile ya zamani iliwahi mlangoni. Nayo haikujua hata jina la kituo, kwa hiyo ilimfukuza kila mgeni aliyebisha. Postfix ilikuwa inalalamika ndani ya kumbukumbu za mashine tangu siku ya kwanza: mlango umekaliwa, mlango umekaliwa. Hakuna aliyeisoma.

Nilicheka peke yangu. Nikaing'oa Exim na mizizi yake. Nikaiondoa na Postfix, nikaiweka upya, nikaiandikia jina kamili la kituo bila kukosea herufi, nikaiwasha. Ikakaa mlangoni. Nikajifungulia akaunti ya majaribio, nikajitumia barua kutoka kwenye simu yangu, na kabla sijaiweka simu chini barua ilikuwa imefika.

Nikatoka kwenye korido kifua mbele.

"Papa Orpa," nikamwambia Samy, "shukuru Mungu. Mashini imepona."

Samy alisimama. Alinyanyua mikono yote miwili. "Bwana asifiwe! Mama Technicienne, Mungu akubariki, akubariki na nyumba yako." Orpa naye akapiga makofi, ingawa sidhani alijua anapigia nini. Nikampigia Martine, karani wa shirika lile kule Lubumbashi, nikamwomba atume tena barua. Nikaweka sauti juu ili Samy asikie mwenyewe.

"Natuma," Martine akasema. Tukamsikia anabonyeza. Tukangoja. Kisha: "Madame, inarudi tena."

Samy alikuwa bado amesimama. Akanitazama, akaitazama simu, akaketi polepole. Afadhali angenitukana. Niliona aibu, na sitaificha: nilikuwa nimempa baba wa watu furaha ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Nilirudi stoo kwa hasira, na hasira ilinifanya nifanye jambo la kijinga: niliiondoa Postfix na kuiweka upya mara nyingine, kama mtu anayepika upya ugali kwa sababu mboga imeungua. Kila kitu kilikwenda sawa. Barua yangu ya majaribio ikafika. Ya Martine ikarudi. Hapo nikajishika. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikajiambia, Stéphanie, wewe ndiye unayewaimbia watu wimbo wa subira. Soma.

Nikampigia Martine, nikamwomba anisomee maneno yaliyokuja na barua iliyorudi. Alikuwa mwanamke mpole, alinisomea yote kwa Kifaransa chake cha ofisini. Kwa kifupi yalisema hivi: barua hii inazunguka.

"Inazunguka?"

"Njo vile banaandika, Madame. Na tena, mutufanyie mbio. Ule mutoto wa pili ku liste, bazazi bake banapiga simu kila saa."

Nikafungua kumbukumbu za mashine, nikafuata barua ya Martine hatua kwa hatua. Imeingia, imepokelewa vizuri kabisa. Imekwenda kwenye sanduku la Docteur Ghislain, mganga mkuu wa kituo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandikiwa. Sanduku la Docteur halikuiweka, liliisukuma kwenda kwa Sœur Gertrude. Sanduku la Sœur Gertrude nalo halikuiweka, liliisukuma kwenda kwa Docteur Ghislain. Hapo Postfix ikaiangalia barua, ikaona imekwisha kuipitisha mlango huo huo, ikaelewa kwamba mchezo huu hauna mwisho, ikamrudishia mwenyewe.

Mashine ilikuwa na akili zake timamu. Barua yangu ya majaribio ilifika kwa sababu mimi sikuwa nimemsukumia mtu. Na kuiweka upya programu kusingesaidia kitu hata ningeiweka mpaka Krismasi, maana amri ile ya kusukuma ilikuwa imeandikwa ndani ya folda binafsi ya kila mmoja wao, mahali ambapo fundi akiweka programu upya hapagusi. Postfix ilifanya ilivyoambiwa na wenye nyumba.

Nikampigia Eddy, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Eddy, ni weye uliweka amri ya kutuma ma mail yote ya Docteur kwa Ma Sœur?"

"Ndiyo, Yaya Stéphanie. Docteur njo aliniomba. Alisema Ma Sœur njo mukubwa wa nyumba, asome mbele, wa kwanza."

"Na ma mail ya Ma Sœur kwa Docteur?"

"Ma Sœur njo aliniomba. Alisema Docteur njo chef, asome mbele."

"Na weye haukuona kama inafanya nini?"

Nilisikia honi za magari nyuma yake. "Niliona, Yaya. Mais minye niseme nini? Niende kuambia bakubwa nani njo mukubwa?"

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kumtosha mpaka mwaka kesho. Yaliniishia mdomoni. Kwetu nani asiyejua? Wakubwa wawili wakikutana mlangoni kwenye sherehe, huyu anasema pita wewe, yule anasema hapana, wewe pita, wanashikana viwiko, wanacheka, na sisi tuliobeba masufuria ya moto tunasimama nyuma yao vidole vikiungua. Hakuna kijana anayethubutu kusema wazee, pitieni. Eddy alikuwa amebeba sufuria tu.

Lakini sufuria hili lilikuwa na mtoto ndani yake.

Ningeweza kufuta amri moja kimyakimya na barua ingetua. Ingetua kwa nani, lakini? Kwa mtu ambaye amekwisha kusema haipaswi kusimama kwake. Angeipokea, angeichapisha, angeipeleka ofisi ya pili na salamu za heshima, na jua lingezama. Kwa hiyo nikawaita wote wawili stoo. Naam, niliwaita. Fundi wa sokoni kumwita mganga mkuu na sista, nadhani hilo nalo lilikuwa jipya pale Sainte-Odile.

Docteur Ghislain alikuja na koti lake jeupe, mrefu, sauti laini, kalamu imekaa sikioni. Sœur Gertrude akaja na funguo zake. Nikawaonyesha kwenye skrini, nikawaeleza bila maneno ya kifundi: barua inafika kwa Docteur, inakwenda kwa Ma Sœur, inarudi kwa Docteur, inafukuzwa. Wakatazamana, wakacheka kwa upole.

"Ah, Ma Sœur," Docteur akasema, "mais ni kawaida. Ma Sœur njo mukubwa. Minye nilimukuta hapa. Ibakie kwake."

"Non, Docteur, non," Sœur akasema. "Minye niko wa makaratasi tu. Ni chef njo anasoma mbele. Ibakie kwa Docteur."

"Siwezi kumupita Ma Sœur."

"Na minye siwezi kumupita Docteur."

Walikuwa wanatabasamu. Ingekuwa siku nyingine ningetabasamu nao, maana ni watu wazuri wote wawili. Nusu ya watoto wa Kikula wamezaliwa mikononi mwao. Lakini saa ya ukutani ilikuwa imekwisha kupita saa sita, ile midi yangu niliyoiahidi. Nikasema, "Bon, mbele mujue ni nini inaombwa. Martine aliniambia mu simu. Ile mail iko na maulizo mbili. Ya kwanza: Orpa anaweza kuvumilia njia mpaka Lubumbashi? Ya pili: ni nani anabeba mzigo yake mpaka afike mu mikono yabo? Banataka jina ya muntu mumoja. Moja tu."

Tabasamu ziliondoka. Sœur akashika funguo zake zisilie. Docteur akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

Na hapo ndipo nikaelewa, maana Kikula nzima inaijua habari ya Carmel. Mwaka jana walimpeleka binti huyo Lubumbashi na gari la kituo, mgonjwa sana, na alikufa njiani, hawajafika hata njia panda ya Kapolowe. Docteur ndiye aliyetia sahihi kwamba anaweza kusafiri. Sœur ndiye aliyetoka uani kuipokea familia, na mama yake Carmel alijitupa miguuni pake, akalia mpaka watu wa mtaani wakaja. Hakuna aliyewalaumu. Kumwacha pale angekufa vilevile. Lakini baada ya hapo, Eddy alipokuja na seva yake, kila mmoja kwa wakati wake alimwita pembeni na kumwambia: yangu yote, mpelekee kwanza mwenzangu.

Nilikasirika. Niliwahurumia pia, lakini hasira ilitangulia, ndivyo nilivyo.

"Docteur, Ma Sœur, munisamehe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kupanda. "Hii haiko heshima. Ni woga. Minye naiona wazi mu mashini: kila muntu anamupatia mwenzake ule mutoto, na mutoto anarudi ku barabara. Mashini inawatii tu. Naweza kuitengeneza mpaka kesho, itamufukuza vilevile."

Feni ya seva peke yake ndiyo iliyosikika. Nilijua nimevuka mpaka. Nilijua pia kwamba nikifukuzwa sitarudi nyuma hata neno moja.

Sœur Gertrude akaketi juu ya katoni la serumu, yale maji ya dripu. "Stéphanie anasema kweli," akasema. "Tangu Carmel, kila simu ikilia, minye naogopa."

"Na minye," akasema Docteur, "kila nikikamata kalamu."

Baada ya hapo Docteur alitoka. Nilichungulia mlangoni nikamwona amepiga goti mbele ya benchi, kipimo chake masikioni, anausikiliza moyo wa Orpa. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akamwuliza Samy maswali, akamwambia Orpa atembee, akamngojea achuchumae na kuinuka, akasikiliza tena. Hakuharakishwa na mtu. Samy alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na macho yake hayakutoka kwenye uso wa Docteur.

Aliporudi stoo alikuwa mtu mwingine, au pengine alikuwa yule yule wa zamani.

"Njia ataiweza," akasema. "Kama tunaweka oxygène mu motokari, na chauffeur anaenda polepole. Stéphanie, tosha ile amri yangu, uifute. Mail ibakie kwangu."

"Na yangu, utoshe vilevile," Sœur akasema akiinuka kwenye katoni. "Minye nitaenda naye. Nitakaa nyuma, karibu yake, mpaka Lubumbashi."

Kufuta yale mafaili mawili ilikuwa kazi ndogo mno, naona haya kuieleza. Nikampigia Martine. Akatuma. Mara hii sikuweka sauti juu, wala sikutoka korido kifua mbele. Nilitazama mistari ikishuka kwenye skrini: imeingia, imepokelewa, imewekwa kwenye sanduku la Docteur. Imebaki hapo.

Docteur akavuta kiti. Aliandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi, na mimi nilibana mikono yangu kwapani nisimnyang'anye kibodi. Kwenye swali la kwanza aliandika ndiyo, na chini yake maelezo ya oksijeni. Kwenye swali la pili aliandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kisha namba yake ya simu. Akanitazama. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe.

Barua ikasimama kwenye foleni.

"Nini tena?" Sœur akauliza.

"Hapana shida," nikamwambia, na kweli haikuwapo. Seva nyingi za siku hizi zikibishiwa hodi na seva zisiyoijua, huiambia irudi baada ya kitambo. Seva za matapeli hazirudi, hazina muda. Seva halali hurudi. "Banaijaribu tu kama iko ya kweli. Postfix itabisha tena yenyewe. Muende mukatengeneze oxygène."

Wakaenda. Nilibaki nikiitazama ile foleni, na baada ya muda Postfix ikarudi mlangoni kwa Martine kama nilivyosema, na mara hii ikafunguliwa. Imetumwa. Imepokelewa. Nikafunga vifaa vyangu, lakini sikuweza kuondoka. Nilikwenda kuketi kwenye benchi kando ya Samy. Nesi alikuwa amemchukua Orpa ndani ili apimwe uzito na alazwe kidogo, kwa hiyo tulikuwa wawili tu.

"Mama Technicienne," akasema bila kunitazama, "sasa iko wapi?"

"Imefika kwabo, Papa Orpa. Sasa banasoma."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kusema, taratibu, akiitazama sakafu. "Ku kanisa yetu, batoto banachezaka mbele ya Mungu kila dimanche. Orpa hachezake. Anakaa pa kiti, anabapigia makofi. Anapiga muzuri kupita bote. Siku moja aliniuliza: Papa, minye nitacheza mwaka gani? Nilimwambia: mwaka hii." Akaigeuza kofia yake mikononi. "Niliongopa tu. Mais nilimwambia."

Nilimshika kiwiko tu.

Ndipo tukasikia miguu. Mtu anakimbia kwenye korido ya juu, iliko ofisi ya Docteur, anashuka ngazi, mbio, ndala zinapiga sakafu. Docteur Ghislain akatokea pale mwisho, koti wazi, hana kalamu, hana kipimo, anakuja kwetu anakimbia.

Hospitalini daktari akikimbia kuelekea kwa mzazi, kila mtu anajua ni nini. Nesi mmoja aliegemea ukuta kumpisha. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema "Yesu" kwa sauti ndogo. Samy alisimama. Kofia ilianguka. Alipandisha mikono yote miwili kichwani, kama tunavyofanya kwenye msiba, akafumba macho, akakaza uso wake wote kungoja. Na mimi, sitadanganya, mimi niliyeona kwa macho yangu barua imefika, moyo wangu ulisimama pamoja na wake.

Docteur alitufikia, akataka kusema, pumzi ikamkatalia. Akamshika Samy mabega yote mawili. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

"Papa Orpa. Bamejibu. Bamekubali. Kesho asubui tunaenda."

Samy hakufumbua macho. Mikono yake ilibaki kichwani.

"Rudilia, Docteur," akasema.

"Bamekubali Orpa. Kesho asubui."

"Rudilia tena."

Docteur akarudia, na akarudia tena, na Sœur Gertrude aliyekuwa amefika nyuma yake na chupa ya oksijeni mkononi akarudia naye, mpaka Samy akashusha mikono.